Uchaguzi Mkuu Wakati wa Maafa ya Asili: Haki ya Mpiga Kura Aliyekumbwa

Maafa ya asili ni matukio ambayo chanzo chake ni ardhi, hewa, maji au vimelea vya maradhi, na ambayo ukubwa wake huizidi jamii husika nguvu kiasi kwamba haiwezi kujimudu bila msaada kutoka nje ya eneo lake. Katika kundi hilo huingia mafuriko, vimbunga, maporomoko ya tope, matetemeko, ukame wa muda mrefu na milipuko ya magonjwa ya kuambukiza. Uchaguzi mkuu, kwa upande wake, ni ule ambao wananchi wa nchi nzima huwachagua viongozi wao wa juu na wawakilishi wao katika siku iliyowekwa na katiba au sheria. Kwa kuwa siku hiyo hupangwa miezi au hata miaka kabla, ilhali maafa hayana tarehe, mambo haya mawili yamekutana mara nyingi katika historia ya mataifa, na mabadiliko ya hali ya hewa yanaongeza uwezekano wa kukutana tena.

Kijitabu hiki kimeandaliwa kwa ajili ya wapiga kura, mawakala wa vyama, viongozi wa mitaa na vijiji, na watendaji wa vituo vya kupigia kura. Msimamo wake ni kwamba mwananchi aliyekumbwa na maafa hapotezi sehemu yoyote ya haki yake ya kupiga kura, na kwamba kila uamuzi unaofanywa na tume ya uchaguzi, serikali au mahakama katika hali hiyo upimwe kwa swali moja: je, kura ya mtu huyo itahesabiwa kabla ya jambo analolipigia kura kuamuliwa? Swali hili ni jepesi kulitamka, lakini mifano itakayofuata inaonyesha jinsi nchi zilivyofaulu au kushindwa kulijibu, na gharama iliyolipwa pale liliposahauliwa.

Tarehe ya uchaguzi na mwenye mamlaka ya kuisogeza

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya mwezi Agosti katika kila mwaka wa tano, na Ibara ya 102 inaruhusu muda wa Bunge kuongezwa kwa sababu moja tu, yaani nchi kuwa vitani, tena kwa azimio linaloungwa mkono na angalau theluthi mbili ya wajumbe wote wa Bunge la Taifa na wa Seneti, kwa muda usiozidi miezi 6 kwa mara moja na miezi 12 kwa jumla. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika Ibara ya 42, inafuata njia inayokaribiana na hiyo kuhusu muda wa Rais: Bunge linaweza kuuongeza pale nchi inapopigana vita na Rais akaona kwamba uchaguzi hauwezekani, na kila nyongeza haizidi miezi 6. Mafuriko, ukame na maradhi havikutajwa katika ibara hizo.

Msomaji anaweza kulichukulia hilo kuwa pengo, lakini ukimya huo una hekima yake. Serikali iliyo madarakani ndiyo hutangaza hali ya maafa, ndiyo hugawa misaada, na ndiyo hunufaika muda wake ukirefushwa. Kwa hiyo, lau mvua kubwa ingetosha kuwa sababu ya kubaki madarakani, wananchi wangekuwa na kila sababu ya kuutilia shaka utabiri wa hali ya hewa wenyewe. Katika vita Bunge zima hushuhudia hatari na kuipigia kura, ilhali maafa mara nyingi hukumba mikoa michache na kuiacha mingine salama. Ndiyo maana Sheria ya Uchaguzi ya Kenya imefungua mlango mdogo zaidi: tume ya uchaguzi, wala si Rais, inaweza kuahirisha uchaguzi katika jimbo, kaunti au wadi pale ambapo haiwezekani kuuendesha kwa sababu ya maafa ya asili au dharura nyingine. Kuna tofauti kubwa, basi, kati ya kuahirisha uchaguzi kwa nchi nzima na kuuahirisha kwa eneo lililoathirika, na tofauti hiyo itarejewa kwa kirefu.

Pale maafa yanapoupiga mji mkuu wenyewe, kuahirisha kwa nchi nzima huwa hakuepukiki. Tetemeko la 12 Januari 2010 liliubomoa mji wa Port-au-Prince nchini Haiti chini ya wiki 7 kabla ya uchaguzi wa wabunge uliopangwa kufanyika 28 Februari, na hapakuwa na namna yoyote ya kuufanya. Tatizo lilizuka baadaye: muda wa wabunge wa baraza la chini ulimalizika mwezi Mei mwaka huohuo bila warithi kuchaguliwa, na nchi ikaendelea kutawaliwa chini ya sheria ya dharura katika kipindi ambacho fedha nyingi za ujenzi mpya zilihitaji macho ya wawakilishi. Kura zilipigwa hatimaye 28 Novemba 2010, mwezi mmoja tu baada ya kipindupindu kuzuka nchini humo, kwa hiyo uchaguzi uliokimbia janga moja ukaangukia katika jingine. Mwaka 2016 Haiti hiyohiyo ilipata mtihani wa namna hiyo pale kimbunga Matthew kilipotua 4 Oktoba, siku 5 kabla ya uchaguzi wa 9 Oktoba. Safari hii tarehe mpya ya 20 Novemba ilitangazwa ndani ya mwezi uleule na ikatimizwa. Visiwa vya Maldives navyo, vilivyopigwa na tsunami 26 Desemba 2004 wakati uchaguzi wa bunge ulikuwa umebakiza siku 5, vilipiga kura 22 Januari 2005.

Kilichotofautisha mifano hiyo si urefu wa kuahirisha peke yake. Tangazo la kuahirisha lisilo na tarehe mpya ndani yake linamwachia mwananchi subira isiyo na kikomo, na linawaachia watawala nafasi ambayo katiba haikuwapa. Mwananchi anaposikia uchaguzi umeahirishwa, ana haki ya kuuliza papo hapo umeahirishwa hadi lini, kwa kifungu gani cha sheria, na nani atakuwa na mamlaka gani katika siku za katikati.

Kuahirisha kwa eneo moja: Bengal na Beni

Mwaka 1970 Pakistan, ambayo wakati huo ilikuwa na sehemu mbili zilizotenganishwa na ardhi ya India, ilikuwa ikijiandaa kwa uchaguzi wake mkuu wa kwanza ambao kila mtu mzima angepiga kura moja kwa moja. Uchaguzi huo ulipangwa kufanyika 5 Oktoba, ukasogezwa hadi 7 Desemba kwa sababu ya mafuriko katika Pakistan ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Kisha usiku wa 12 Novemba kimbunga kutoka Ghuba ya Bengal kikapiga visiwa na pwani ya delta, kikaua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 300,000 na 500,000, idadi inayokifanya kuwa miongoni mwa vimbunga vilivyoua watu wengi zaidi katika historia iliyoandikwa. Serikali ya kijeshi ya Yahya Khan haikuusogeza tena uchaguzi wa nchi, bali iliyatenga majimbo 9 ya Bunge la Taifa yaliyokuwa katika eneo lililoharibiwa, nayo yakapiga kura 17 Januari 1971. Chama cha Awami League, ambacho wengi waliona ndicho kilichosema kwa niaba ya waliotelekezwa baada ya kimbunga, kilipata viti 160 kati ya 162 vya Pakistan ya Mashariki.

Yaliyofuata yanajulikana: watawala walikataa kuliitisha Bunge lililochaguliwa, vita vikazuka, na Bangladesh ikazaliwa. Lakini katika suala la uchaguzi wenyewe, wapiga kura wa majimbo yale 9 hawakupunjwa. Bunge lilikuwa bado halijakutana walipopiga kura, wawakilishi wao wangeingia pamoja na wengine, na hakuna uamuzi uliokuwa umepitishwa bila wao. Kiti cha ubunge ni cha jimbo, na jimbo likisubiri wiki 6 ili watu wazike wafu wao na kupata pa kulala, kiti chake husubiri pamoja nalo.

Urais hauko hivyo, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo iliyotoa somo hilo kwa uchungu. Mlipuko wa Ebola ulitangazwa katika jimbo la Kivu Kaskazini 1 Agosti 2018, ukaendelea hadi 25 Juni 2020, ukaambukiza watu 3,470 na kuua 2,287, na miji ya Beni na Butembo ilikuwa miongoni mwa vitovu vyake. Eneo hilo, ambalo wakazi wake hutumia Kiswahili sokoni, kanisani na redioni, lilikuwa pia likishambuliwa mara kwa mara na makundi yenye silaha. Hata hivyo kampeni zilifanyika huko, na mgombea urais Martin Fayulu alipokewa na umati mkubwa mjini Beni mapema mwezi Desemba. Ndipo 26 Desemba 2018, siku 4 tu kabla ya uchaguzi, tume ya uchaguzi ya nchi hiyo ikatangaza kwamba upigaji kura katika Beni, Butembo na maeneo ya jirani, pamoja na Yumbi iliyoko magharibi ambako kulikuwa na mauaji ya kikabila, ungefanyika mwezi Machi 2019, ilhali kalenda ya kumwapisha Rais mwezi Januari ilibaki palepale.

Hesabu yake ilikuwa wazi kwa kila mtu. Wapiga kura waliojiandikisha katika maeneo hayo walizidi milioni 1.2. Matokeo rasmi, ambayo yenyewe yalipingwa vikali, yalimpa Félix Tshisekedi kura 7,051,013 na Fayulu kura 6,366,732, yaani tofauti ya kura 684,281. Idadi ya walioambiwa wasubiri, kwa hiyo, ilikuwa kubwa kuliko tofauti iliyompa mshindi ushindi wake. Rais aliapishwa 24 Januari 2019, na watu wa Beni na Butembo walipofikia zamu yao 31 Machi, waliwachagua wabunge tu, kwa kuwa suala la urais lilikuwa limekwisha.

Sababu iliyotolewa ya kulinda afya inastahili kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu Ebola ni ugonjwa wa kutisha kweli, unaoambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa aliyefariki, na uchaguzi wa mwaka ule ulitumia mashine ya kupigia kura yenye kioo ambacho kila mpiga kura alipaswa kukigusa kwa kidole. Hatari hiyo haikuwa ya kubuni. Lakini masoko yalikuwa wazi, ibada ziliendelea na mikutano ya kampeni ilikuwa imekwisha kufanyika, kwa hiyo wakazi waliona kwamba mkusanyiko uliokatazwa ni ule mmoja uliokuwa na sanduku la kura. Siku iliyofuata tangazo hilo waandamanaji wenye hasira walivamia kituo cha muda cha kuwatenga washukiwa wa Ebola mjini Beni, na watu waliokuwa wakisubiri majibu ya vipimo wakakimbia. Uamuzi uliotolewa kwa jina la afya ukawa umeidhuru kazi ya afya, maana wahudumu wanaofuatilia waliokutana na wagonjwa hutegemea kwanza kuaminiwa, na imani hiyo ilikwisha kuvunjwa.

Jambo linalopaswa kukumbukwa zaidi lilitokea 30 Desemba, siku ambayo nchi nzima ilikuwa ikipiga kura. Wakazi wa Beni walijiandalia uchaguzi wao wenyewe usio na nguvu ya kisheria: walipanga mistari tangu asubuhi, wakanawa mikono kwa zamu kabla ya kusogea, wakapiga kura zao kwenye karatasi na kuzihesabu hadharani. Hakuna aliyetarajia kura hizo ziingizwe katika matokeo ya taifa. Watu hao, ambao walikuwa wamezika ndugu na majirani kwa maradhi na kwa mapanga ndani ya miezi 5, walikuwa wakionyesha kwa vitendo, tena kwa utulivu, kwamba kunawa mikono na kupiga kura vinaweza kufanyika mahali pamoja. Ni vigumu kupata hoja yenye nguvu kuliko hiyo dhidi ya wale wanaodhani kwamba mtu aliye katika janga hana haja na siasa.

Kutokana na mifano hii miwili kijitabu hiki kinatoa kanuni ambayo wananchi wanaweza kuidai popote: kura ya kiti cha eneo inaweza kusubiri pamoja na eneo lake, lakini pale kura inapohusu cheo cha taifa zima, matokeo yasitangazwe kuwa ya mwisho wala mshindi asiapishwe kabla ya walioahirishiwa kupiga kura, isipokuwa pale idadi yao yote, hata wangejitokeza hadi mtu wa mwisho na kumchagua mgombea mmoja, isingeweza kubadili matokeo. Hata katika hali hiyo ya mwisho haki yao ya kuhesabiwa haifutiki.

Mpiga kura aliyehama makazi

Watu waliolazimika kuyakimbia makazi yao bila kuvuka mpaka wa nchi huitwa wakimbizi wa ndani, na Mkataba wa Umoja wa Afrika uliopitishwa Kampala Oktoba 2009 unawajumuisha waziwazi wale waliohamishwa na maafa ya asili. Ibara yake ya 9 inazitaka serikali zihakikishe kwamba raia hao wanaendelea kufaidi haki zao za kisiasa, ikiwemo kupiga kura na kupigiwa kura. Shida ni kwamba katika nchi nyingi haki hiyo imefungwa kwenye kituo kimoja. Daftari la wapiga kura, ambalo Kenya huitwa pia sajili ya wapiga kura, humtambua kila mtu kwa jina, picha na kituo alikojiandikishia, na mtu akifika kituo kingine jina lake halionekani katika orodha iliyobandikwa pale.

Msumbiji ilikutana na hali hii mwaka 2019 kwa namna isiyo ya kawaida, kwa sababu maafa yaliiangukia katika uandikishaji wenyewe. Kimbunga Idai kilitua karibu na mji wa Beira usiku wa 14 Machi, kikaua watu zaidi ya 600 nchini humo na kuyafunika mabonde ya mito Buzi na Pungwe kwa maji, wakati kazi ya kuandikisha wapiga kura ilikuwa ianze tarehe 1 Aprili. Shule, ambazo ndizo hutumika kama vituo, zilikuwa zimeezuliwa mabati au zimejaa familia zisizo na makazi. Uandikishaji ukasogezwa na kufanyika kuanzia 15 Aprili hadi 30 Mei, na ukiwa umeendelea kwa siku 10 tu, kimbunga Kenneth kikapiga jimbo la Cabo Delgado 25 Aprili, baada ya kupita Komoro, katika pwani ambayo watu wake wa Ibo na Quissanga wana undugu wa lugha na biashara na Waswahili wa kaskazini. Uchaguzi wenyewe ulifanyika 15 Oktoba kama ulivyopangwa. Kusogeza uandikishaji kwa wiki 2 huku siku ya kura ikibaki mahali pake kuliilinda tarehe ya katiba, lakini kuliwabana wale ambao katika wiki hizo 6 walikuwa wakitafuta chakula na kuchimbua paa za nyumba zao kutoka kwenye tope. Mtu asiyejiandikisha Mei hakuwa na nafasi Oktoba.

Mafuriko hayana heshima kwa nyaraka. Kadi ya mpiga kura na kitambulisho cha taifa huwekwa katika mfuko wa plastiki chini ya godoro au ndani ya sanduku la bati, na mara nyingi nyumba ikisombwa vyote huondoka pamoja, vikifuatwa na cheti cha kuzaliwa ambacho ndicho kingetumika kuombea vingine. Tanzania, katika uchaguzi wa mwaka 2020, iliruhusu mpiga kura aliyepoteza kadi yake lakini jina lake limo katika Daftari kutumia pasipoti, leseni ya udereva au kitambulisho cha taifa, na huo ni mwanzo mzuri. Kwa aliyepoteza vyote, sheria za uandikishaji za nchi kadhaa hukubali ushahidi wa wapiga kura wengine wa kituo hichohicho wanaomfahamu, njia ambayo katika kambi ya waathirika ina maana kubwa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu majirani wa kijiji kizima mara nyingi hulala chini ya turubai za safu moja.

Ukame nao huhamisha watu, ingawa polepole na bila picha za kutisha. Uchaguzi mkuu wa Kenya wa 9 Agosti 2022 ulifanyika wakati kaunti za kaskazini zilikuwa zimekosa mvua kwa misimu mfululizo tangu mwishoni mwa mwaka 2020, na mfugaji aliyefuata malisho mbali na kituo alichojiandikishia alilazimika kuchagua kati ya kura na ng'ombe waliobaki. Mtu wa namna hii hahesabiwi kuwa mkimbizi, hakuna kambi inayomwandika, na pasipo mpango maalumu hukosekana kimyakimya katika takwimu za waliojitokeza, kana kwamba hakupenda kupiga kura.

Njia ya kuwafikia wote hawa ipo na imekwisha kujaribiwa. Kimbunga Sandy kilipoipiga pwani ya mashariki ya Marekani 29 Oktoba 2012, siku 8 kabla ya uchaguzi wa Rais, gavana wa jimbo la New York alitoa amri iliyowaruhusu wapiga kura wa maeneo yaliyoathirika kupiga kura katika kituo chochote cha jimbo hilo kwa kuweka kiapo cha maandishi. Kura ya kila mmoja ilihesabiwa kwa zile nafasi tu alizokuwa na haki ya kuzipigia, kwa mfano urais na useneta, si kiti cha bunge cha mtaa mwingine. Utaratibu huo haukuhitaji mitambo mipya. Ulihitaji bahasha, fomu ya kiapo, na watumishi wa kulinganisha majina na daftari kabla kura haijachanganywa na nyingine, ili mtu asipige mara mbili. Nchi ya Afrika Mashariki inaweza kuuiga kwa kura ya urais ikiwa sheria itaurekebisha utaratibu mapema, si katika wiki ya mafuriko, ambapo kila badiliko huonekana kuwa hila ya upande mmoja.

Hadi hapo, mwananchi aliyehamishwa na maafa kama maporomoko ya tope ya Katesh, wilayani Hanang, ya 3 Desemba 2023, au mafuriko ya Rufiji na Kibiti ya Aprili 2024, anashauriwa kuwa kipindi cha uboreshaji wa Daftari ndiyo nafasi yake ya kuhamisha taarifa kwenda kituo kilicho karibu na makazi mapya, na kwamba asisubiri kupewa kiwanja cha kudumu ndipo ajiandikishe, kwa kuwa viwanja mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko uchaguzi.

Siku ya kupiga kura

Uchaguzi mkuu wa Kenya uliofanyika Jumatatu, 29 Desemba 1997, uliangukia katikati ya mvua za El Niño zilizoanza Oktoba, ambazo zilikata barabara, zikafurisha mito na kufuatiwa na mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa kaskazini mashariki mwa nchi. Katika vituo vingi vifaa vilichelewa au havikufika kabisa, na tume ikaamua upigaji kura uendelee hadi siku ya pili, 30 Desemba. Uamuzi huo uliwanusuru wengi. Lakini usiku wa katikati una masharti yake: sanduku lenye kura za siku ya kwanza hufungwa mdomo kwa lakiri zenye namba, namba hizo huandikwa na kila wakala katika daftari lake, karatasi zisizotumika huhesabiwa na kufungwa kando, na mawakala wenye nia hulala chumba kimoja na sanduku hilo pamoja na askari. Asubuhi lakiri husomwa mbele ya wote kabla ya kukatwa. Wakala asiyeandika namba jioni hana cha kulinganisha asubuhi, na shaka yake, hata ikiwa ya kweli, haitakuwa na ushahidi.

Kwa maradhi ya kuambukiza, Liberia ilionyesha njia wakati wa Ebola. Uchaguzi wa maseneta uliopangwa Oktoba 2014 uliahirishwa, kesi ikafika mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, na hatimaye kura zikapigwa 20 Desemba 2014, wapiga kura wakipimwa joto, wakinawa mikono na kusimama mbalimbali. Watu waliojitokeza walikuwa wachache. Hofu haiondolewi na ndoo ya maji yenye dawa peke yake; inahitaji maelezo ya mapema kutoka kwa watu wanaoaminiwa, na vituo vingi vidogo badala ya vichache vikubwa.

Misaada ya maafa na kampeni

Mtu aliyepoteza nyumba na shamba hayuko katika hali ya kukataa mfuko wa unga, na hapaswi kukataa. Unga huo, pamoja na mabati, blanketi na dawa, ni mali ya umma au ya wafadhili iliyotolewa kwa sababu ya uhitaji, na hauwi mali ya mgombea kwa kupakiwa katika gari lenye picha yake. Kuorodhesha wanaopewa msaada kwa kutazama kadi za vyama, kuchukua namba za kadi za wapiga kura wakati wa kugawa chakula, au kungoja mkutano wa hadhara ndipo ghala lifunguliwe, ni matendo ya aibu yanayomgeuza mwenye njaa kuwa kitu cha kununuliwa. Ugawaji uendelee wakati wa kampeni bila kukatizwa hata siku moja, ukisimamiwa na kamati za maafa pamoja na viongozi wa kambi, bila bendera na bila hotuba. Aliyepokea msaada hadaiwi kura na mtu yeyote, na kura yake ni siri hata kwa yule aliyemlisha.

Malalamiko na muda wake

Nchini Kenya, pingamizi dhidi ya matokeo ya urais hufikishwa Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 baada ya matokeo kutangazwa, na pingamizi za viti vingine ndani ya siku 28. Mkazi wa eneo lililofurika, ambaye barabara yake haijafunguliwa na simu yake haina chaji, ana siku zilezile 7 alizonazo mkazi wa Nairobi, kwa hiyo ushahidi wake hauna budi kukusanywa siku ya kura yenyewe: saa ambayo kituo kilifunguliwa, saa ambayo maji yaliingia, idadi ya waliorudishwa, na nakala ya fomu ya matokeo iliyobandikwa mlangoni.

Nchini Tanzania muda huo ni mfupi zaidi kwa upande wa urais, kwa sababu Ibara ya 41(7) ya Katiba inaizuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais mara tume inapokwisha kumtangaza aliyechaguliwa. Kilio cha kituo kilichosombwa au cha kijiji kisichofikiwa na karatasi za kura kinapaswa kuifikia tume kabla ya tangazo hilo, kwa maandishi, kupitia kwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo na mawakala wa vyama vyote vilivyopo, kikitaja namba ya kituo, jina la kijiji au mtaa, idadi ya waliojiandikisha hapo na idadi ya waliokosa kupiga kura, na mwandishi wake abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi yenye tarehe na saa.